SOMO LA FAMILIA: Mungu Alisikia Sauti ya Kijana

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Mwanzo 21:8-21 na 1 Wafalme 19:1-9

 

Somo hili ni la wazazi na wazee wa kanisa, lakini vijana nao wasifukuzwe likisomwa. Tunaliandika tukiwa na deni. Tutaeleza deni lenyewe kwanza, halafu tufungue Neno.

Mwaka 2025, majuma machache kabla ya Pasaka, kijana mmoja wa kwaya yetu alikuja mazoezini amelewa. Alikuwa na miaka 17. Haikuwa mara ya kwanza. Wamama wa maombi walikuwa wameshatuambia kwamba anaonekana jioni pale wanapouza waragi. Wazee tulikaa. Tulimwondoa kwenye kwaya, tukamweka benchi la nyuma kwa miezi mitatu, na jina lake tukalitaja mbele ya kusanyiko. Kikao kile kilichukua karibu saa mbili. Tulizungumza juu ya pombe, juu ya sifa ya kanisa, juu ya baba yake ambaye hakufika. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza yule kijana kama analala usiku.

Juma la pili alijaribu kujiua.

Jirani alimwahi. Akapelekwa kwa pikipiki hadi kituo cha afya, kisha kwa gari la wagonjwa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Mungu alimhifadhi. Sisi tulikwenda kumwona, na kwa siku zile tulilala kwa ndugu zetu wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, tukivuka kila asubuhi kwenda hospitalini. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya kitanda. Hakutulaumu. Alisema tu, "Mchungaji, huyu mtoto tangu mwezi wa kwanza halali. Anakaa mlangoni mpaka kunapambazuka."

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 mnaukumbuka. Ndipo Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, hata wale waliokuwa wameshapimwa afya na kupewa siku ya kusafiri. Familia ile ilikuwa mojawapo. Walikuwa wameuza mbuzi, shamba wamemwachia jirani, na kijana alikuwa ameacha shule mwishoni mwa 2024 kwa sababu alijiambia atasoma huko. Katika siku moja akawa hana safari, hana shule, hana shamba, na wenzake wakamcheka. Akaanza kunywa ili apate usingizi. Hayo yote tungeyajua kama tungeuliza swali moja.

HAJIRI NA KIJANA WAKE

Tunapolihubiri neno la Hajiri mara nyingi tunamhubiri mama. Tunasema Mungu aliona machozi ya mama aliyefukuzwa, na wamama wanalia, na ni kweli. Lakini soma tena polepole. Mwanzo 16:16 yatuambia Ibrahimu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli alipozaliwa, na Mwanzo 21:5 yasema alikuwa na miaka 100 Isaka alipozaliwa. Kwa hiyo Ishmaeli alikuwa na miaka 14 wakati Isaka anazaliwa, na walifukuzwa baada ya Isaka kuachishwa ziwa. Picha za vitabu vya shule ya Jumapili zinamchora mtoto mchanga mgongoni. Kwa hesabu hii alikuwa kijana, umri wa mtoto wako aliye darasa la saba au sekondari.

Familia hii iliondoka asubuhi na mapema na mkate na kiriba cha maji. Sisi tuliotoka Masisi, Fizi, Rutshuru, Bujumbura vijijini, tunajua maana ya kuondoka na kile mkono ulichoweza kushika. Mgao ukaisha. Mama akamlaza kijana chini ya kichaka, naye akaenda kuketi mbali, kwa sababu hakuweza kumtazama akifa.

Hapa tusimame kidogo. Hajiri hakumchukia mwanawe. Alijitenga naye kwa sababu ya uchungu wake mwenyewe. Wazazi wengi wa kambini tuko pale alipoketi Hajiri. Tunamwona kijana anakauka, nasi hatuna maji ya kumpa, basi tunageuza uso. Baba anakaa nje mpaka usiku ili asikutane na maswali. Mama anasema, "Niacheni, na mimi nina yangu." Kijana analiona hili kama kutopendwa, wakati kwa kweli ni umaskini wa mzazi.

Halafu angalia mstari wa 17. Mama ndiye aliyeinua sauti akalia, lakini Andiko linasema Mungu alisikia sauti ya kijana. Sauti ya kijana haikuandikwa. Hatujui alisema nini. Labda alikuwa anaugua tu. Hata jina lake lina maana kwamba Mungu husikia. Na agizo la kwanza ambalo Hajiri alipewa baada ya kuambiwa asiogope lilikuwa kusimama, kumwinua kijana na kumshika mkono. Kisima alikiona baada ya hapo. Sisi tungependa kisima kwanza, kisha ndipo tumshike mkono: mgao ukirudi nitaongea na mtoto wangu, tukipata safari nitakuwa na wakati naye. Mpangilio wa Mungu ulikuwa mwingine.

Mwishoni, mstari wa 20, Ishmaeli anakua, anakaa nyikani, anakuwa mpiga upinde. Alibaki nyikani. Hakurudi kwa Ibrahimu wala hakupelekwa nchi nyingine. Lakini alipata kazi ya mikono yake mahali pale pale. Wazazi wa Nakivale, mwekeeni alama mstari huo.

MOYO NA MWENENDO

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Kuna vitu vinavyoharibu afya ya vijana wetu: waragi, bangi, mairungi, kubeti, kulala na watu ovyo, kupigana, kuendesha pikipiki kama mtu asiyetaka kufika. Kanisani tumezoea kuviita dhambi na kuvifundisha kimoja kimoja, Jumapili hii pombe, Jumapili ijayo uasherati. Hatukatai kwamba ni dhambi. Lakini daktari anayeona homa haitibu homa tu; anatafuta kama ni malaria au ni tumbo. Mara nyingi kijana anayefanya kimoja katika hivyo anafanya vitatu, na chini yake kuna moyo usio na hali njema.

Mwaka 1998 madaktari wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda pamoja na wenzao, walitoa matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa watu wazima zaidi ya 9,000 huko California. Waliwauliza yaliyowapata utotoni: kama walipigwa, kama walitukanwa, kama walinajisiwa, kama mama yao alipigwa nyumbani, kama waliishi na mlevi, au na mgonjwa wa akili, au na mtu aliyefungwa. Wale waliokuwa na aina nne au zaidi za maumivu hayo walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya ulevi, dawa za kulevya, huzuni nzito na kujaribu kujiua, kuliko wale ambao hawakuwa na hata moja. Watu hao hawakuwa wamekimbia vita. Walikuwa na nyumba, kazi na kadi ya hospitali. Sasa wewe hesabu aina ngapi zimempata mtoto aliyevuka mpaka kwa miguu.

Tunaomba mtu asichukue hesabu hii kama hukumu. Wako vijana wetu waliopitia yote hayo na leo ni walimu wa shule ya Jumapili. Hatari ni kama mteremko: anayetembea kwenye mteremko si lazima aanguke, ila anahitaji mkono kuliko yule wa tambarare.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 duniani ana tatizo la afya ya akili, na kwamba nusu ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 18, mengi yakiwa hayajatambuliwa. Tusiposikia neno "akili" tukafikiria tu mtu anayeokota makaratasi njiani. Huzuni isiyoondoka ni ugonjwa. Hofu inayomwamsha mtoto saa nane za usiku ni ugonjwa. Mtoto anaweza kuwa nao huku anachota maji na kusalimia watu.

Kwa nini moyo mgonjwa unaelekea kwenye mambo ya hatari? Sababu ya kwanza ni kwamba vitu hivyo vinafanya kazi, kwa muda mfupi. Waragi inaleta usingizi. Bangi inafukuza picha za usiku. Mvulana anayemwambia binti kwamba ni mzuri anampa kitu ambacho nyumbani hajasikia kwa mwaka mzima. Tukimwambia kijana kwamba pombe haimsaidii, anajua tunadanganya, na hatatusikiliza tena. Afadhali tumwambie ukweli wote: inakupa usingizi wa saa tatu, kisha inauvunja, na kesho huzuni inarudi na deni. Pombe yenyewe inashusha moyo. Bangi nayo, hasa kwa aliyeanza akiwa mdogo, inaweza kumletea mtu kusikia sauti na kuona visivyoonekana. Kwa hiyo jambo hili linazunguka: huzuni inaleta ulevi, na ulevi unazaa huzuni nyingine, mpaka hata mwenyewe hajui kilianza kipi.

Sababu ya pili ni umri. Sehemu ya ubongo inayopima hatari na kusema "ngoja" inaendelea kukomaa mpaka baada ya miaka 20, lakini ile inayotaka raha na sifa ya wenzake inawaka mapema. Wazee wetu walilijua hili bila vitabu; ndiyo maana waliwaweka vijana pamoja na wajomba na mashangazi katika miaka hiyo. Vita ilitutawanya, na wajomba hao wako Kigoma, wako Bukavu, wako kaburini.

Sababu ya tatu ni kesho. Mtu anayetarajia kitu kesho anajilinda leo. Kijana asiye na kesho, ukimwambia waragi itamharibu ini akifika miaka 40, atakutazama tu.

NYIKA YETU

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958, ikapokea kwanza wakimbizi kutoka Rwanda. Wako watu waliozaliwa hapa, wakaoa hapa, wakazika wazazi hapa. Tunaishukuru Uganda kwa kutupa ardhi na ruhusa ya kutembea na kufanya kazi. Ndugu zetu katika nchi nyingine hawana hivyo. Lakini kungoja miaka mingi kunachosha mifupa, na vijana wanangoja tofauti na sisi. Sisi tunakumbuka nyumbani. Wao hawana pa kukumbuka.

Tangu 2020 mgao umekuwa ukipunguzwa. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi kwa kadiri ya uhitaji, na mwaka 2025 watu wengi sana nchini waliondolewa kabisa kwenye chakula cha msaada. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Katika miaka hiyo miwili wasichana wetu wengi walipata mimba, na wavulana wengi walizoea kazi ya kuchimba kwa siku na kulipwa jioni, karibu na kibanda cha pombe.

Liko na jambo la lugha, ambalo wazazi hatulizungumzi vya kutosha. Mtoto aliyekuwa anasoma darasa la sita kwa Kifaransa kule Kongo, akifika hapa anarudishwa darasa la pili au la tatu kwa sababu hajui Kiingereza. Ana miaka 15, magoti hayaingii chini ya dawati, na watoto wa miaka minane wanamcheka akisoma. Anavumilia muhula mmoja. Akiacha, tunasema ni mvivu. Huyu hakuacha kwa uvivu, aliacha kwa aibu, na aibu ni mlango mpana sana wa kutokea.

Kwa wasichana, njaa na aibu huja pamoja. Binti anahitaji sabuni, vitambaa vya mwezi, daftari. Mtu mzima mwenye pikipiki au duka anavitoa, kidogo kidogo, kisha anadai. Tusiseme binti huyu "amependa anasa". Sheria ya Uganda haimtambui mtoto chini ya miaka 18 kuwa na uwezo wa kukubali jambo hilo. Aliyelala naye ametenda kosa kubwa, hata akija na mbuzi na soda kwa wazazi. Na sisi wachungaji tukibariki ndoa ya namna hiyo ili kufunika aibu, tumesimama upande wa mwenye duka.

Ndugu wa Nyamitanga walitueleza shida ya aina nyingine. Mjini hakuna mgao kabisa, kodi ya chumba inangojewa kila mwezi, baba na mama wanatoka alfajiri kwenda sokoni au kufua nguo za watu. Mtoto anashinda peke yake na simu. Shuleni anaficha kwamba ni mkimbizi, kwa hiyo hawezi kumwambia mwalimu ndoto zake za usiku bila kujifunua. Kibanda cha kubeti kiko karibu kuliko kanisa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza walio chini ya miaka 25 kubeti, lakini anayetazama umri wa mtu mwenye pesa mkononi ni nani? Mama mmoja wa pale alituambia kwamba mwanawe ndiye mkalimani wake hospitalini na kwa mwenye nyumba. Mtoto wa miaka 13 anatafsiri deni la wazazi wake. Anajua kila kitu, na hana wa kumwambia.

TULIPOKOSEA

Tulimtenga kijana wakati alipokuwa ameshajitenga. Hilo ndilo deni letu. Nidhamu ya kanisa ni ya Maandiko, hatuiondoi, lakini Wagalatia 6:1 inawataka watu wa rohoni wamrejeze aliyeanguka kwa upole. Sisi tulianza na benchi la nyuma.

Tumekosea pia katika kukemea. Kijana asiyelala, anayelia bila sababu, tumemleta mbele mara ngapi, tukamshika kichwa, tukamwambia pepo atoke? Tunaamini Mungu anafungua waliofungwa. Lakini tazama Eliya katika 1 Wafalme 19. Alikimbia kwa kuogopa kuuawa, akaketi chini ya mti jangwani, akaomba afe. Nabii wa Mungu! Malaika hakumkemea pepo wa mauti. Hakumwambia imani yake ni ndogo. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate na anywe maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani. Kama tunamwombea kijana, tumwombee, kisha tumpeleke kituo cha afya. Hospitali ya Rufaa ya Mbarara ina idara ya magonjwa ya akili, na anayepewa dawa huko asiambiwe na mtu wa kanisa letu kuziacha ili aonyeshe imani.

Na liko neno gumu. Baadhi yetu tunauza pombe. Mama ana watoto watano, mgao umekatwa, anatengeneza kasiksi au anauza waragi kwa kikombe. Serikali ilikataza waragi ya vifuko vidogo mwaka 2019, lakini kikombe hakihitaji kifuko. Katika kikao chetu wengine walitaka wamama hao watengwe. Hatukukubali; kanisa lisilowapa chakula haliwezi kuwanyang'anya sufuria. Lakini tulikubaliana mambo mawili, na tunayasema hapa wazi: mtoto asitumwe kununua wala kuuza pombe, na asiuziwe mtu aliye chini ya miaka 18, hata akija na pesa za baba yake. Kikundi cha akiba cha wamama kimeanza kuwapa wawili wao mtaji wa mboga na dagaa. Ni wawili tu kwa sasa.

WANAOWEZA KUSAIDIA

Wengine watasema, sisi hatukusomea mambo haya. Wapendwa, mfano wake uko hapa hapa Nakivale. Mwaka 2008 Frank Neuner, Mjerumani, na wenzake, akiwemo Patience Onyut wa Uganda, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya katika makazi yetu na wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, waliokuwa na ugonjwa wa kiwewe cha vita. Washauri walikuwa watu wa kawaida kutoka kwa wakimbizi wenyewe, waliofundishwa kwa majuma sita. Kwa njia moja, mtu alisaidiwa kusimulia maisha yake tangu kuzaliwa, kwa utaratibu, jema na baya, mpaka lile tukio la kutisha likapata mahali pake katika habari nzima. Kwa njia ya pili alishauriwa juu ya shida zake. Baadaye karibu watu 7 kati ya 10 waliopata msaada wa njia ya kwanza hawakuwa tena na ugonjwa ule, na wa njia ya pili walikaribia hapo. Kati ya wale waliofuatiliwa tu bila kushauriwa, ni kama 4 kati ya 10.

Kabla ya hapo, mwaka 2005, walikuwa wametoa habari za watoto sita wa Kisomali wa Nakivale, wa miaka 12 hadi 17, waliosaidiwa kwa kusimulia namna hiyo hiyo kwa vikao vichache. Baada ya miezi tisa wanne kati yao hawakuwa tena na ugonjwa. Sita ni wachache, lakini ni watoto wa hapa.

Tusikosee: hatusemi kila mtu aanze kuwachimba vijana habari za vita. Kazi ile inahitaji mafunzo, na anayefungua kidonda bila kujua kukifunga anaumiza. Tunachosema ni kwamba si lazima uwe daktari ili uwe mkono. Mzazi, mjomba, mwalimu wa kwaya anaweza kukaa na kijana wakimenya mihogo, bila kumtazama usoni, na kumuuliza: Unalala? Unakula? Nani rafiki yako siku hizi? Kisha anyamaze. Kunyamaza ni kugumu kwetu wahubiri.

Ukiona kijana ameacha vitu alivyovipenda, anagawa mali zake, anasema angekuwa amekufa kama wenzake, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi wanaogopa kwamba swali hilo litamtia wazo. Halimtii wazo, linampa mlango wa kusema. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na usimhubirie jehanamu saa hiyo. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kunyunyizia ng'ombe na mimea ziondolewe nyumbani, zifungiwe kwa jirani. Hilo la dawa lifanyeni leo hata kama kijana wenu anacheka.

Binti au mvulana akinajisiwa, kituo cha afya kwanza, kikao cha familia baadaye. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inasaidia ikianza ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Saa hizo zimepotea mara nyingi kwa sababu wazee walikuwa wakijadili faini. Simu ya watoto ya Uganda ni 116, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Kijana wetu alirudi kutoka Mbarara baada ya majuma kadhaa. Tulimwomba msamaha, kwanza nyumbani kwao, kisha mbele ya kusanyiko lile lile tulipolitaja jina lake, baada ya kumuuliza kama anataka hivyo. Alisema anataka, ila tusiseme habari ya hospitali. Hatukuisema, na hapa pia tunaieleza kwa ruhusa yake. Kwaya hajarudi. Anajifunza kushona viatu kwa fundi mmoja wa Base Camp, na jioni baba yake hupita pale wakarudi nyumbani pamoja. Kuna jumamosi alizokunywa tena. Hunywa, halafu huja kutuambia.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

Wazazi: Ni lini mara ya mwisho uliongea na kijana wako jambo lisilo la kumtuma wala kumkemea?

Vijana: Kama Hajiri angerudi na kukushika mkono, ungependa akuulize nini? Mnaweza kuandika kwenye karatasi bila jina na kuiacha katika kikapu cha sadaka. Tutazisoma zote.

Wazee wa kanisa: Soma tena Mwanzo 21:17 na Wagalatia 6:1. Katika mtaa wenu, nani ameketi benchi la nyuma, na nani kati yenu amemtembelea?